IEM za bei poa: maswali yanayojirudia kuhusu sauti na mkao wa sikioni

Haya maswali yanakuja kila mara, mengine kwa meseji, mengine mtu kakushika bega anakuonyesha picha ya iafoni kwenye simu anasema "hizi vipi mkuu". Nayajibu hapa mara moja. Nazungumzia IEM za waya, za kama dola 10 hadi 30, basi, za laki kadhaa waulize wenye hela zao. Jibu likiwa kwenye swali lingine nitakuelekeza huko, sitarudia.

## Ya mwanzo

1. IEM ndo nini, si iafoni tu?

Kirefu chake ni in-ear monitor. Ni iafoni ndiyo, ila za aina ya kuingia kwenye tundu la sikio na kuliziba. Zilianzia jukwaani, ili mwanamuziki ajisikie vizuri bila kushindana na spika za sakafuni. Mwaka 1995 Jerry Harvey, fundi wa sauti wa bendi ya Van Halen, alimtengenezea mpiga drams wao Alex Van Halen za kwake na hapo ndo ikatokea kampuni ya Ultimate Ears. Enzi hizo ni kitu cha mastaa. Leo viwanda vya China vinatoa za dola 20 na ukizivaa vizuri zinakufanya usikilize upya nyimbo zako zote.

Zile zilizokuwa zinakuja bure na simu nyingi zinakaa mlangoni mwa sikio, haziingii. Hewa inavuja, besi inakimbia, kelele za nje zinaingia, basi unaongeza sauti hadi mwisho. IEM inaziba, kwa hiyo unasikia zaidi kwa sauti ndogo zaidi.

2. "Bei poa" ni ngapi hasa?

Dola 20 ndo katikati ya soko, yani elfu hamsini hivi ya Tanzania au 2,600 hivi ya Kenya, kabla hujaweka usafiri na ushuru. Hapo utakutana na majina kama 7Hz Salnotes Zero, Moondrop Chu II, Tangzu Wan'er S.G na Truthear Gate. Chini yake, kwenye dola 10 hivi, kuna KZ EDX Pro. Mimi naona kutoka iafoni ya buku tano ya mezani hadi ya dola 20 ni kuruka ukuta, kutoka ya 20 hadi ya 50 ni kupanda ngazi moja tu.

3. Nianze kuangalia nini, sauti au mkao?

Mkao. Na hapa watu wengi wananibishia, mtu amesoma rivyu kumi za sauti, amenunua, anavaa anakuta besi hakuna, trebo (zile sauti za juu) inachoma, anaandika "kimeo hiki, nimepigwa". Kumbe mpira wa ukubwa wa kati uliokuja umefungwa kwenye IEM, ule wa mbele unaoingia sikioni, haumtoshi, hewa inapita pembeni. Sauti ya IEM inatengenezwa na vitu viwili, kifaa chenyewe na hewa iliyofungwa kati ya kifaa na ngoma ya sikio lako, na hiyo hewa ikivuja besi ndo ya kwanza kuondoka. Kupima sauti kabla hazijaziba ni kupima maji kwa ndoo iliyotoboka.

Kwa hiyo hakuna kusema "hizi zina besi ndogo" mpaka umemaliza swali la 4 na la 6. Hata rivyu ya mtu mwingine ichukulie hivyo hivyo, kama hajasema alitumia mpira gani na masikio yake yakoje, nusu ya anachosema ni habari za masikio yake.

## Mkao na starehe

4. Nitajuaje kama zimeziba?

Kwanza vaa bila kuwasha muziki halafu ongea. Sauti yako inatakiwa ivume kichwani kama umeziba masikio kwa vidole, na kelele za chumbani zipungue. Pili, tafuta toni ya 50 Hz (besi ya chini), app za kutoa toni ziko bure, iweke kwa sauti ndogo halafu bonyeza kila upande kidogo kwa kidole kuelekea ndani. Ukibonyeza besi ikajaa ghafla, ukiachia ikapungua, basi hazikuwa zimeziba. Ikibadilika kidogo sana usihangaike, hiyo ni kawaida.

Tatu, hiyo toni ikae katikati ya kichwa. Ikiegemea kushoto au kulia kuna upande unavuja, au kuna tatizo la swali la 22.

5. Zinavaliwaje? Mbona kwangu zinaning'inia?

Nyingi waya unapita juu ya sikio na kuzunguka nyuma, hauning'inii kwenda chini kama iafoni za zamani. Angalia herufi L na R, L ni kushoto. Mkono wa upande wa pili upitishe juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma kidogo ili tundu linyooke, ingiza IEM, afu izungushe taratibu kuelekea nyuma mpaka mwili wake ulale kwenye bakuli la sikio. Halafu waya. Siku za kwanza unajiona kama unavaa hereni gizani, baada ya wiki unafanya bila kufikiri.

6. Vimpira vipi nitumie?

Vinavyokuja kwenye boksi kwa kawaida ni saizi tatu, vijaribu VYOTE, na usiache kujaribu kikubwa kwa sababu eti una masikio madogo. Mpira mdogo unaingia kirahisi ndo maana watu wanaupenda, ila unaelea tu ndani na kuvuja. Mkubwa kidogo unakaa mlangoni na kuziba bila kwenda mbali, na mara nyingi hauumi kuliko mdogo uliosukumwa ndani kabisa.

Ukiona vyote havifai, nunua pakiti ya pembeni, ziko za bei ndogo tu na zinabadilisha IEM kuliko kitu chochote kingine utakachofanya kwa hela hiyo. Vya silikoni ni rahisi kuosha na vinadumu. Vya sponji unavifinya kwanza, unaingiza, vinajaa vyenyewe, vinazuia kelele vizuri na kutuliza trebo, ila vinachakaa haraka na kwenye joto letu vinakuwa na jasho muda wote, mimi sivipendi. Vyenye tundu pana vinaachia trebo zaidi, vyenye tundu jembamba mara nyingi vinaifanya sauti iwe nzito kidogo. Angalia pia unene wa shingo ya IEM yako, ile sehemu mpira unapovikwa, maana mpira wa shingo nyembamba kwenye shingo nene unapasuka, na wa shingo nene kwenye nyembamba unabaki sikioni ukitoa. Ukibaki usichokonoe na kiberiti. Mtu akuvutie taratibu kwa kibanio kama unaonekana, la sivyo nenda kituo cha afya.

7. Zinauma baada ya muda. Ni masikio yangu au ni zenyewe?

Inategemea zinauma wapi. Kama ni ndani ya tundu, mpira ni mkubwa mno au shingo ya IEM ni nene. Truthear Zero ile ya kwanza ya mwaka 2022, yenye draiva mbili (vile vispika vidogo vya ndani), wengi waliipenda sauti na wakaiacha kwa sababu ya shingo nene tu. Kama ni kwenye bakuli la sikio, ni kona za mwili wa IEM, na hilo mpira hausaidii sana zaidi ya kuisogeza nje kidogo kwa mpira mrefu, likigoma uza. Kama ni juu na nyuma ya sikio ni ule mkunjo mgumu wa waya, badilisha waya au upashe kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele ulegee, kwa mbali, usiunguze.

Jaribio la starehe si dakika tano dukani. Vaa nyumbani saa nzima, ukiwa unatafuna, unaongea, unageuka kwenye mto. Taya likitembea tundu la sikio nalo linabadilika umbo, ndo maana zingine ziko poa mpaka ule karanga. Za chuma kama Chu II zinahisi nzito na baridi mwanzoni, za plastiki kama Wan'er unazisahau mapema.

Maumivu ya ndani kabisa, muwasho usioisha, majimaji au harufu, hapo acha kuvaa na muone daktari. Hiyo si kesi ya vimpira tena.

8. Upande mmoja unakaa, mwingine unatoka wenyewe. Kwa nini?

Kwa sababu masikio yako mawili hayalingani, na ya wengi hayalingani. Weka mpira wa kati kushoto na mkubwa kulia, hakuna sheria inayokataza. Kuna IEM zenyewe zina shingo fupi zinamtoka kila mtu, BLON BL-03 ya mwaka 2019 ilisifika kwa sauti na kulaaniwa kwa mkao, watu wakawa wanaweka kipete kidogo cha mpira kwenye shingo ili kimpira kikae mbele zaidi. Na ilifanya kazi kweli.

9. Nikizichomeka nasikia "krr" au kama karatasi inakunjwa. Zimekufa?

Hapana. Unapoingiza unasukuma hewa na ule utando wa draiva unajikunja kidogo. Ingiza polepole huku umevuta sikio, itapungua. Sauti ikiwa inapotea upande huo baada ya "krr" mpaka uitoe na kuirudisha, hapo ni kasoro, irudishe ulikonunua.

10. Nikitembea nasikia waya unagonga gonga kichwani.

Waya ukisuguana na nguo mtikisiko unapanda mpaka sikioni. Hakikisha umepita juu ya sikio, vuta kile kishikizo cha waya kipande hadi chini ya kidevu, na ukiweza pitisha waya ndani ya shati. Waya mlaini uliosukwa una afadhali kuliko ule mgumu wa plastiki.

## Sauti yenyewe

11. Nisikilize nini ili nijue kama sauti ni nzuri?

Nyimbo UNAZOZIJUA. Sio ule wimbo wa jazi wa Kizungu ambao kila mwenye rivyu anautaja na wewe hujawahi kuusikia maishani. Unapima kifaa kwa kumbukumbu yako, sasa kama kumbukumbu haipo unapima nini? Chagua chache, pakua zenye ubora wa juu kuliko ule wa kurekodi kwa simu ukumbini, na tumia hizo hizo kila siku.

Muziki wetu unatosha kabisa kwa kazi hii, tena vizuri. Amapiano kwa ajili ya besi ya chini, ile log dramu ikishuka uisikie inabonyeza kichwa na noti zake zinatofautiana, sio mngurumo mmoja. Singeli kwa ajili ya kasi, ngoma zinagonga mbio kuliko mapigo ya mtu anayekimbizwa, draiva isiyoweza inazigeuza uji, huwezi kutenganisha pigo na pigo. Rumba ya Kongo ngoja sebene ianze, magita yanapishana, solo moja, ridhim nyingine, na katikati ile mi-solo, IEM nzuri utaweza kuamua "sasa namfuata huyu wa kushoto" na usimpoteze. Taarab ya zamani ni mtihani wa trebo, fidla nyingi pamoja na kanuni, ile ala ya nyuzi, juu yake, hapo penye ukali wa kupitiliza patajulikana mapema.

Kwaya ndo kipimo changu ninachokiamini kuliko vyote. Soprano, alto, teno, besi, wote binadamu, na sauti ya binadamu huwezi kudanganywa nayo kirahisi. Wale wa besi wakizama nyuma ya kinanda, IEM imekata sauti za kati. Soprano wakipiga noti ya juu ukakunja uso, nenda swali la 13.

Na kitu ambacho watu hawafanyi, sikiliza mtu anaongea. Mtangazaji wa redio unayemjua miaka yote, au tilawa ya msomaji uliyemzoea. Akisikika kama ana mafua, au kama anaongea ndani ya pipa, usibishane, sauti za kati zimeharibika, hata besi iwe tamu vipi.

12. Besi nyingi si ndo besi nzuri?

Besi ziko mbili, tuseme hivyo. Kuna ya chini kabisa, kama 20 hadi 60 Hz, ile unayoihisi zaidi ya kuisikia. Na kuna ya juu yake kuelekea 250 Hz, ndo kishindo cha ngoma na unene wa gita la besi. IEM nyingi za bei ndogo zinajaza hiyo ya pili, dukani inakuvutia sana, ukifika nyumbani unakuta inafunika waimbaji wa kiume na kila wimbo unasikika kama umepigwa chumba cha pili. Ya chini unaweza kuijaza vizuri tu bila kuharibu sauti za watu.

Sasa kama wewe unapenda gari litikisike vioo, sawa, chukua yenye besi nyingi, hakuna mtu wa kukukamata. Ila jua unachonunua. Kumbuka pia kelele ya barabarani na injini inafunika besi kwanza, kwa hiyo ya daladalani na ya chumbani usiku hazihitaji besi sawa.

13. "S" na "sh" zinachoma masikio. Ni wimbo au ni IEM?

Sikiliza wimbo huo huo kwenye spika yoyote nyingine. Ukichoma kote, ni wimbo, nyimbo nyingi za siku hizi zinarekodiwa hivyo. Ukichoma kwenye IEM tu, kuna kilele cha trebo mahali fulani kati ya 5 na 10 kHz. Za mseto za bei ndogo, yani zenye draiva za aina mbili, kwa mfano KZ ZSN Pro X, zinajulikana kwa ukali huo, wapo wanaouita "uwazi" na mwanzoni kweli unavutia, masaa mawili baadaye kichwa kinagonga.

Kabla hujauza badilisha mpira (swali la 6), ingiza ndani kidogo zaidi au nje kidogo, kilele kinahama kabisa kulingana na kina. Ikishindikana shusha kwa ekwalaiza, ile app ya kupandisha na kushusha besi au trebo, swali la 19.

14. Nina mbili mkononi, nalinganishaje bila kujidanganya?

Linganisha ukubwa wa sauti kwanza. Kitu chenye sauti kubwa kidogo tu ubongo unakiona ni "bora", hata ukijua huo mchezo bado unakukamata. IEM tofauti simu ikiwa namba ile ile zinatoa sauti tofauti, kwa hiyo rekebisha mpaka mwimbaji asikike sawa kote, ndo uanze. Kipande kifupi, sekunde 20 hivi, rudia huku na huku.

Halafu fanya kinyume chake. Tumia moja tu siku kadhaa, masikio yazoee, kisha rudi kwenye nyingine. Mara nyingi hapo ndo ukweli unatoka, ile iliyokuvutia dakika ya kwanza kwa besi na trebo ndo inayokuchosha, na ile uliyoiona "imepoa" unakuta ndo unayoiokota mezani kila asubuhi.

15. Zile grafu za sauti za kwenye rivyu zinasomwaje?

Kushoto besi, kulia trebo, juu maana yake sauti imezidi hapo. Kilima karibu na 3 kHz kisikutishe, tundu la sikio lenyewe linakuza sehemu hiyo, na IEM ikiingia inaharibu ukuzaji huo wa asili kwa hiyo lazima iurudishe. Msitari wa kulinganishia unaotumika sana unaitwa Harman, umetokana na utafiti wa Sean Olive na wenzake, toleo la 2019 ndo utakaloliona zaidi. Ni wastani wa ladha za watu wengi, sio amri.

Tahadhari mbili. Vipimo vingi vinafanywa kwa sikio la bandia linaloitwa 711, na kuanzia karibu na 8 kHz kwenda juu msitari wake usiuamini sana, kile kilele cha 8 kHz mara nyingi ni cha kipimo chenyewe. Na usilinganishe grafu za watu wawili wenye mitambo tofauti. Kwenye tovuti ya squig.link unaweza kuweka IEM unayoijua na usiyoijua pamoja, hapo ndo grafu ina faida: "hii ni kama yangu, ila besi imepanda kidogo".

16. Yenye draiva nyingi ni bora?

Hapana. Moja iliyopangwa vizuri inazishinda tano zilizorundikwa. Kwenye bei hii mimi naamini moja tu ya milimita 10.

17. Nizichezeshe masaa mia ndo zifunguke?

Kinachofunguka ni wewe, ubongo unazoea. Kama siku ya kwanza zinaumiza masikio usingoje muujiza, rudisha mapema kabla muda wa kurudisha haujaisha.

18. Ina stika ya Hi-Res, si inamaanisha ubora?

Stika hiyo inatoka kwa chama cha Japan Audio Society na sharti lake kuu ni kifaa kifike 40 kHz. Binadamu mwenye masikio mazima anaishia 20 kHz, na umri ukienda unashuka. Popo atafurahi.

## Simu, adapta na mengineyo

19. Nitumie ekwalaiza au nikubali zilivyo?

Tumia, bure. Kwenye Android kuna Wavelet, ina marekebisho tayari ya IEM nyingi, unatafuta jina lako unawasha. Ukifanya mwenyewe punguza kilichozidi badala ya kupandisha kilichopungua, na kama unapandisha besi shusha sauti yote kwanza isije ikakwaruza. Ekwalaiza haitibu mpira unaovuja, usianze nayo.

20. Simu yangu haina tundu la iafoni.

Nunua adapta ya Type-C yenye DAC ndani, ile chipu inayogeuza data ya simu kuwa sauti. Zile rahisi kabisa nyingi ni waya tu, zinategemea simu itoe sauti yenyewe, na simu zingine hazitoi, unachomeka kimya. Ile ya Apple ya Type-C ni nzuri na ndogo ila kwenye Android nyingi sauti inatoka ndogo. IEM hizi hazihitaji nguvu nyingi, mtu asikuuzie amplifaya ya laki mbili kwa ajili ya iafoni ya elfu hamsini.

21. Nasikia "shhh" kwa nyuma muziki ukiwa umesimama.

IEM ni nyepesi kupokea, kwa hiyo zinakuonyesha uchafu wa chanzo. Jaribu simu nyingine au adapta nyingine. Kwenye kompyuta hasa za mezani ni kawaida sana, adapta ya dola chache inamaliza.

22. Upande mmoja una sauti ndogo. Nimepigwa?

Fuata mstari: geuza, ya L vaa kulia na ya R kushoto. Sauti ndogo ikibaki kwenye sikio lile lile, ni sikio au mpira, labda una nta. Ikihama na IEM, angalia kiwavu cha mbele kwenye mwanga, nta au unyevu vikiziba sauti inakufa. Futa kwa kitambaa kikavu, kiwavu kikitazama chini ili uchafu udondoke nje, usichome na sindano. Kama waya unachomoka, badilisha pande za waya pia, mara nyingi mbaya ni waya na IEM ni nzima. Ukinunua waya mpya uliza aina ya pini, nyingi ni pini mbili za 0.78 mm, ila KZ wana umbo lao.

23. Natoka jasho sana, pwani huku unyevu kila kona. Zitadumu?

Zitadumu ukizifuta baada ya kuvaa na kuziacha zipumue kabla ya kufunga kwenye kikasha. Vile vipakiti vya kukaushia unavyovikuta kwenye boksi la viatu weka kimoja ndani ya kikasha. Vimpira vya silikoni osha kwa maji na sabuni, vikauke kabisa ndo uvirudishe.

24. Naweza kuvaa barabarani au kwenye boda?

Kwenye boda hapana, ukiwa dereva ndo hapana kabisa. Ukitembea toa upande mmoja unapovuka. IEM iliyoziba vizuri inakata honi kuliko unavyodhani, ndo kazi yake.

25. Sauti kiasi gani ni salama?

Shirika la Afya Duniani linasema 80 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa masaa 40 kwa wiki, ukipanda hadi 90 dB yanabaki masaa 4 tu kwa wiki. Huna kipimo, sawa, basi weka sauti ukiwa chumba kimya, kumbuka namba, na ukiingia kwenye daladala usiipandishe sana. Kama inabidi upandishe sana, mpira haujaziba, swali la 4. Masikio yakipiga mluzi ukishatoa, umezidisha.

26. Navaa hijabu, au miwani. Kuna shida?

Kitambaa kilichobana kinaisukuma IEM ndani na baada ya muda panauma, kwa hiyo chagua zenye mwili mwembamba usiotokeza, na vaa IEM kwanza, kitambaa juu, usikaze upande wa sikio. Miwani inagombania nafasi na mkunjo wa waya, waya uende nyuma ya mkono wa miwani, au tafuta unaolegea bila mkunjo wa plastiki.

27. Sikio langu moja halisikii vizuri. Nitapoteza nusu ya wimbo?

Ndiyo kama ukiacha ilivyo, maana nyimbo nyingi zinaweka gita upande huu na kinanda upande ule. Kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, kuna chaguo la sauti ya mono, Android na iPhone zote zinayo. Ukiwasha, kila upande unapata vyote. Hapo hapo kuna kitelezi cha mizani ya kushoto na kulia, ila usikitumie kulisukumia sauti kubwa sikio bovu bila kuongea na daktari wa masikio kwanza.